Mita Sita za Bi Shaikha

Bi Shaikha hakuleta kahawa. Luteni Ghaliya alikwisha kaa sebuleni kwake robo saa nzima, na si kahawa, si tende, si hata gilasi ya maji iliyopita mbele yake. Katika nyumba ya watu wa Unguja hapa Maskati, kumnyima mgeni kahawa ni kumwambia atoke bila kufungua kinywa. Ghaliya aliuelewa ujumbe huo vizuri sana, akabaki palepale kitini na daftari lake gotini. Kazi ya upelelezi humtoa mtu haya kabla ya kumpa cheo.

Mama huyo alikuwa na haki ya kununa. Mwanawe wa pekee, Badr, alikuwa mahabusu siku ya kumi na moja. Kosa lake lilijulikana mtaa mzima wa Azaiba: alimwaga magunia manane ya chumvi juu ya uwanja mpya wa baraza la mji, uliopo nyuma ya nyumba yao, akafungulia mpira wa maji, kisha akaketi juu ya gunia tupu kuwangoja polisi. Hakukimbia wala hakukana. Jalada lake lilikuwa liende kwa mwendesha mashtaka kesho yake saa tatu asubuhi, na kwa kosa la kuharibu mali ya umma kijana angeweza kukaa ndani miaka.

Jambo moja lilimzuia Ghaliya asilifunge jalada hilo. Katika maelezo yake Badr alisema neno moja akalirudia mara tatu, kwamba majani yale yameoteshwa kwenye ua wa mama yake. Baraza nalo lilikuwa na karatasi ya ridhaa, ya tarehe nne Novemba, yenye saini ya Bi Shaikha, ikisema ametoa mita sita za ua wake kwa hiari. Nyumba na kiwanja vilikuwa kwa jina la mama mwenyewe, kwa hiyo saini yake ilitosha. Ikiwa saini ni ya kweli, Badr kwisha habari yake. Ikiwa si ya kweli, kesi yote inageuka miguu juu.

"Nakuuliza tena, mama," alisema Ghaliya. "Saini hii ni yako?"

"Nshawajibu wenzio. Si yangu."

"Labda Badr alikutilia. Wapo vijana wengi wanaowatilia mama zao saini, wala si kwa ubaya."

Bi Shaikha alimtazama kuanzia viatu mpaka mtandio. "Wewe kwenu wapi?"

Ghaliya alimjibu kwamba kwao Tabora, babu yake alirudi Omani mwaka wa sabini na mbili.

"Ndo maana. Nyie wa bara hamna kheri ya ulimi. Wakaa juu ya kiti cha marehemu mume wangu, wanambia mwanangu mwizi wa saini."

Ghaliya aliinuka kwenye kile kiti. Hakuhama nyumba, alihama kiti tu. Bi Shaikha alipoona mgeni mwenyewe hana dalili ya kuondoka, naye akasimama, akamwambia amfuate uani akaone anachokiandika, asije akaandika asichokijua.

Uani hakukuwa na ukuta wa nyuma. Badala yake, karibu zaidi na nyumba, palitundikwa turubai la buluu, limefungwa kwa kamba kwenye dirisha la jiko na kwenye nguzo ya umeme. Bi Shaikha alilifunua pembeni, na hapo Ghaliya akauona vizuri uwanja wenyewe, ule ambao baraza lilikuwa limeupigia debe mwaka mzima.

Ulikuwa uwanja wa matufe. Mchezo wenyewe si wa nchi hii: watu huvingirisha matufe mazito juu ya majani yaliyokatwa chini kabisa, na mwenye tufe lililokaribia zaidi kijitufe cheupe ndiye mshindi. Wenye kuucheza huko ulikotoka ni wazee waliostaafu, wamevaa nyeupe, penye mvua kila siku. Mtu mmoja pale barazani aliupenda, akapanga uchezwe Maskati, nje, bure kwa wananchi wote: kiwanja cha kwanza Azaiba, cha pili Al Khuwair, cha tatu Bustan. Majani ya aina hiyo hayataki kinundu hata cha unene wa sarafu, na uwanja hautakiwi kupungua mita arubaini kila upande. Ardhi ya baraza hapo Azaiba ilikuwa thelathini na nne.

Majani yalikuwa yamestawi, kijani mpaka yanakera macho katika joto lile la Aprili, isipokuwa upande wa nyumba ya Bi Shaikha. Huko ulikuwa umepita ukanda wa majani yaliyokufa, rangi ya makuti makavu, kutoka pembe mpaka pembe. Ripoti ya baraza ilisema mtuhumiwa alizuiwa kabla hajaumaliza uwanja wote. Ghaliya aliutazama ukanda ule kwa muda, akaandika mstari mmoja kwenye daftari.

"Ukuta waliuvunja lini?" aliuliza.

"Disemba. Mie nimo edani." Sauti ya mama ilishuka, lakini haikulainika. "Saeed wangu kafa tarehe tatu Septemba. Nimekaa kizuka ndani ya nyumba yangu, mlango sivuki, mwanamume wa kando hanioni. Asubuhi moja nasikia tingatinga. Natokea kwa mlango wa jiko, wanaume saba wamesimama uani kwangu wananitazama. Mbilimbi wangu wakaung'oa. Saeed kaja nao mche kutoka Unguja, kauficha ndani ya birika la chai. Nikarudi ndani nikajifungia. Nani wa kumshtakia, na mwenye mamlaka yuko Al Khuwair, na mie sitoki?"

"Na Badr?"

"Badr yuko kazini Duqm, huko kusini mbali. Aliporudi kenda barazani mara tatu, mara tatu wanamwonesha saini yangu. Kisha wakamwambia siku za kupinga zimekwisha." Akaliachia turubai. "Andika hayo. Kisha uende zako."

Ghaliya aliandika, akaenda zake.

Garini simu yake ililia kabla hajaingia barabara kuu. Alikuwa Kanali Muslim, mkuu wake, mtu asiyependa jalada likae mezani kwake zaidi ya siku tatu. Aliuliza kama mama amekiri. Ghaliya alipomwambia hajakiri, Kanali alisema mambo mengi, na kwa ufupi yalikuwa haya: mwanamke atakana, mtoto atalia, karatasi haikani wala hailii. Wataalamu wa hati wangechukua wiki tatu kuipima saini, na wiki tatu hazipo. Kama Ghaliya anataka kumsaidia kijana, amshauri aombe radhi.

"Nimefikiri pengine Badr ndiye aliyetia saini kisha akajuta," alisema Ghaliya.

"Basi andika hivyo."

"Siwezi. Geti la kazini kwao Duqm linaandika kila anayeingia na kutoka. Badr aliingia tarehe ishirini na nane Oktoba, hakutoka mpaka kumi na moja Novemba. Saini ni ya tarehe nne, na imetiwa Al Khuwair."

Kanali akasema jalada analitaka jioni, hivyo hivyo lilivyo, akakata simu.

Ofisi ya mipango ya viwanja vya umma ilikuwa ghorofa ya tatu ya jengo moja la vioo hapo Al Khuwair. Karani aliyempokea alikuwa msichana mwembamba aitwaye Bashayer, mpole wa sauti, ambaye upole wote ulimwisha aliposikia neno polisi. Ghaliya aliomba jalada la asili la uwanja wa Azaiba. Bashayer akasema nakala zilikwisha pelekwa. Ghaliya akasema nakala anazo, na nakala hazina viambatisho. Ikapigwa simu, ikapigwa nyingine, na mwishowe jalada likaletwa. Bashayer alilibeba kwa mkono wa kushoto, na wa kulia akauvuta ndani ya mkono wa baibui mpaka vidole vikapotea.

"Mbona unanipa kwa kushoto?" aliuliza Ghaliya.

"Samahani," alisema msichana, akaliweka mezani badala ya kulikabidhi mkononi.

Kiambatisho cha nne kilikuwa picha ya rangi. Kanuni za baraza zilitaka ushahidi kwamba wananchi wameshirikishwa, na huo ndio uliokuwa ushahidi: mkono wa kuume wa mwanamke umeshika kalamu juu ya ile karatasi ya ridhaa, na pembeni kalenda ya mezani inaonesha tarehe nne Novemba. Uso haukuwamo. Chini yake iliandikwa kwamba huyo ni mwenye kiwanja akitia saini, na kwamba sura yake imeachwa kwa heshima. Mkono wenyewe ulikuwa na hina mpya, nyeusi ya kukoza, maua yanapanda kutoka vidoleni hadi kifundoni, na penye shina la kidole gumba mchoraji alichora jani moja kubwa kupita mengine yote. Ghaliya aliitazama picha hiyo mara moja, akaitazama tena, kisha akafunga jalada na kuuliza mkubwa wa ofisi yuko wapi.

Mhandisi Hatem hakuinuka kumpokea. Alikuwa mtu wa miaka hamsini, kanzu imepigwa pasi mpaka inakata, na juu ya meza yake, mahali ambapo wengine huweka picha za watoto, paliwekwa matufe mawili meusi yanayong'aa. Naye ni wa Unguja, na alilijulisha hilo tangu kwenye salamu.

"Nimekufanyia hisani kukupokea," alisema. "Uwanja ule nimeupigania miaka minne. Wenzangu wamenicheka hapa, wakaniita Mwingereza. Wazee wetu wakistaafu wanakaa ndani na televisheni mpaka wafe. Mie nikawatafutia mahala pa kutoka. Kisha anakuja mtoto mmoja hana adabu ananimwagia chumvi. Na wewe, badala ya kumshughulikia yeye, umekuja kunipekua mie."

Ghaliya alitoa karatasi za maelezo, akamwomba ruhusa ya kuandika, na akamtaka atie saini chini ya kila jibu. Hatem alicheka kwa pua, lakini alichukua kalamu. Mtu anayejiamini hapendi kuonekana anaogopa karatasi.

"Kwa nini hamkufuata njia ya kutwaa ardhi kisheria?"

"Ingechukua mwaka na nusu. Kikao cha baraza kilikuwa tarehe kumi na moja Novemba. Bila mita sita zile nisingekuwa na uwanja, na bila uwanja wa Azaiba, vya Al Khuwair na Bustan visingejadiliwa kabisa. Nikamwomba yule mama, akaridhia."

"Kwa simu, au alikuja?"

"Alikuja mwenyewe. Kakaa hapo ulipokaa wewe."

"Tia saini." Alitia. "Ulijua kwamba amefiwa na mume?"

"Mie nimemzika Saeed. Nimeingia kaburini kwa miguu yangu, nikampokea. Usinifunze watu wangu."

"Tia saini. Basi ulijua kwamba tarehe nne Novemba Bi Shaikha alikuwa edani."

Hatem akatabasamu. Ilikuwa wazi kwamba swali hilo alikwisha liwekea jibu tangu mwaka jana. Alieleza taratibu, kama anayemsomesha mtoto chuo cha Kurani, kwamba kizuka hakufungwa pingu, kwamba mwenye haja ya lazima hutoka mchana akarudi kwake kabla ya jua kuzama, na kwamba Luteni akamuulize sheikhe yeyote amtakaye. Mama alikuja saa nne asubuhi, amejifunika, akaondoka kabla ya adhuhuri. Alikuwa mwanamke wa dini, alisema, na yeye Hatem aliyajua yote na akayachunga yote.

"Na mkono huu kwenye picha ni wake?"

"Wake. Nimeupiga kwa simu yangu mwenyewe."

"Siku hiyo hiyo?"

"Kalenda huioni? Siku hiyo, saa hiyo."

"Tia saini," alisema Ghaliya, na Hatem akatia kwa madaha, na mkia wa saini ukatoka nje ya mstari.

Wakati huo adhuhuri ikaadhiniwa. Ghaliya aliomba dakika ishirini. Hatem akasema achukue hata siku ishirini, majibu yake hayatabadilika.

Chumba cha kusalia cha wanawake kilikuwa mwisho wa ukumbi, na mbele yake mabomba matatu ya kutawadhia. Ghaliya hakuingia kutawadha mara moja. Alisimama karibu na mlango akivua saa yake polepole. Bashayer alikuwa bombani, amemgeuzia mgongo, na kama kila mwenye kutawadha alikuwa amepandisha mikono ya baibui juu ya viwiko. Saa nzima ile alikuwa ameuficha mkono huo asionwe na polisi, lakini udhu haukubali sehemu iliyofichwa. Alipougeuza chini ya maji, kovu likaonekana kwenye shina la kidole gumba, jekundu, pana, lenye ncha.

"Uliungua na nini?" aliuliza Ghaliya.

Msichana alishtuka, maji yakamrukia kifuani. "Chetezo," alisema kabla hajafikiri. "Kaa la udi. Nilikuwa mtoto."

"Mtia hina wako hodari. Amelizungushia jani, mtu asiyejua hatambui."

Bashayer alifunga bomba. Ghaliya akamwambia kwamba daftari la likizo la ofisi, aliloliona wazi mezani pa mapokezi, limeandika karani Bashayer ameanza likizo ya harusi tarehe tano Novemba. Bibi harusi hutiwa hina siku moja mbili kabla. Tarehe nne alikuwa bado kazini, na hina yake mkononi.

"Wataka nini kwangu?" Sauti ya msichana ilikuwa imejaa chuki, machozi yako karibu. "Nina miezi mitano tu katika ndoa. Mume wangu akisikia polisi, mama yake akisikia, wewe ndo utakayenirejesha kwetu."

"Nataka ulichokifanya. Mengine si yangu."

"Hujui lolote wewe. Nimekuja siku ile kutaka likizo yangu isainiwe tu. Harusi keshokutwa, kadi zimeshatolewa. Kanambia mwenye kiwanja karidhia kwa simu, hawezi kutoka, ni saini ya kukamilisha jalada. Kaitandaza likizo yangu kando ya ile karatasi. Kasema, wewe saini yake, mie nisaini yako."

"Ukatia."

"Nikatia. Na picha akaipiga. Kasema mkono tu, hapana atakayeuliza uso wa mwanamke." Akajifuta mikono kwa nguvu kwenye baibui. "Na kweli hapana aliyeuliza."

Ghaliya alimwambia kwamba atayaandika hayo, na kwamba ni bora kwake ayaseme leo kwa hiari kuliko kesho kwa kulazimishwa. Bashayer alimtazama kwa jicho ambalo halikuwa na shukurani hata chembe. Kisha wakasali, wawili hao, bega kwa bega, kwa sababu chumba kilikuwa chembamba na safu ni safu.

Hatem alikuwa ameagiza chai, kikombe kimoja. Ghaliya aliiweka ile picha mbele yake, juu ya maelezo aliyokwisha kuyatia saini.

"Nitazamie tena, Mhandisi. Unaona nini?"

"Mkono."

"Huo mkono una nini?"

Hatem aliutazama mkono ule kwa mara ya kwanza tangu aupige picha. Ilimchukua muda. Wanaume wengi ndivyo walivyo: hina ya wanawake wameizoea machoni tangu utotoni, kwa hiyo hawaioni tena. Kisha uso ukambadilika kidogo pembeni mwa mdomo.

"Kizuka hatii hina," alisema Ghaliya. "Hatii hina, hajifukizi udi, havai dhahabu, miezi minne na siku kumi. Saeed alifariki tarehe tatu Septemba. Tarehe nne Novemba ilikuwa miezi miwili tu. Hili halimhitaji sheikhe, mtoto wa kike yeyote wa Maskati angekwambia."

"Pengine alitia. Sikumchunguza mimi mkono."

"Umesema ni mwanamke wa dini na umeyachunga yote. Umesaini." Alisogeza karatasi ya pili. "Umesema ulijua yumo edani. Umesaini. Umesema mkono ni wake na picha ni ya siku hiyo. Umesaini. Ungeniambia ulisahau kama amefiwa, ningepata shida. Lakini ulijiandaa kwa suala la mlango tu."

"Suala gani la mlango?"

"La kutoka. Ulipompanga kizuka kwenye karatasi yako ulijiuliza jambo moja, vipi atatoka nyumbani, ukamtafutia ruhusa. Mkono hukuuwaza. Kwenu wanaume matanga ni siku tatu, mkishakunja mikeka yamekwisha. Hizo siku nyingine wanazihesabu wanawake."

Hatem alilishika tufe moja akalizungusha mezani. Lile tufe lilikuwa na uzito upande mmoja, kama yalivyo yote ya mchezo huo, likapinda na kugonga kikombe cha chai. Alisema kwa sauti ya chini kwamba mkono usio na uso si ushahidi, kwamba maneno ya mpelelezi wa bara hayatasimama mbele ya jina lake, na kwamba angempigia simu mtu ambaye Luteni hatapenda apigiwe.

"Piga," alisema Ghaliya. "Mwenye mkono yuko chumba cha pili, anaandika maelezo yake. Ana kovu ulilolipiga picha mwenyewe." Alikusanya karatasi zake. "Na ukimpigia huyo mtu, mwambie pia kwa nini uliharakisha. Ulijua mwenye kiwanja hatoki mpaka Januari. Siku thelathini za kupinga, kuanzia kikao, zilikwisha tarehe kumi na moja Disemba, na tingatinga likafika tarehe kumi na nne. Ile eda ulikuwa unaitegemea."

Hatem hakupiga simu kwa mtu yeyote. Alikaa akiitazama picha, mkono wake mmoja umefunika tufe.

Kwenye ngazi Ghaliya alimpigia Kanali Muslim, akamweleza kwa sentensi sita. Kanali aliuliza kama karani atasimama na maneno yake. Ghaliya akasema maelezo yake yamekwisha sainiwa. Kanali akahema, si kwa furaha.

"Hata hivyo kijana kaharibu uwanja," alisema. "Mita sita za mama yake sawa, na zile thelathini na nne za baraza? Kwa hizo atakwenda kwa mwendesha mashtaka kesho hiyo hiyo. Ripoti imesema alizuiwa kabla hajamaliza."

"Mlinzi wa uwanja hakusema alimzuia. Alisema alimkuta ameketi."

"Nipe kitu cha kuandika, Luteni. Si maneno."

Jua lilikuwa limeanza kushuka aliporudi Azaiba na kugonga mlango ule ule. Bi Shaikha alifungua upenyo wa kiasi cha uso.

"Umerudi tena."

"Nna haja na ua wako, mama. Dakika kumi." Ghaliya alijisikia akisema nna kama watu wa Unguja, jambo ambalo nyumbani kwao wangemcheka. Bi Shaikha alilisikia pia. Akaachia mlango.

Ghaliya alikuwa na futikamba ya mita hamsini kutoka kituoni. Alilifungua turubai lote, kamba kwa kamba, akaenda pale ulipokuwa ukuta. Msingi wake ulikuwa bado ardhini, umekatwa usawa wa udongo, mstari wa matofali ya kijivu kutoka pembe ya jirani mmoja hadi ya mwingine. Msingi huo ulikuwa ndio mwisho wa kiwanja katika hati ya nyumba, aliyokuja nayo. Mstari wa pili, wa majani, haukuhitaji hati. Upande wa nyumba majani makavu, upande wa pili kijani, na mpaka kati yake umenyooka mno kwa mtu aliyezuiwa njiani.

Mtu mmoja hawezi kupima peke yake. Ghaliya alimtazama Bi Shaikha, akamnyoshea ncha ya futikamba.

"Ishike pale kwenye ukuta wa jiko, mama. Hati inapima kuanzia hapo."

"Mie si askari wako."

"Sijasema."

Bi Shaikha alisimama kidogo, mikono kifuani. Kisha akaja, akaipokonya ile ncha, akaibana ukutani kwa kidole gumba, mkono mkavu, mweupe, usio na hina wala pete. Ghaliya alirudi kinyumenyume akiachia utepe. Alifika kwenye matofali yale ya kijivu na hapohapo, mbele ya ncha ya kiatu chake, majani yaliyokufa yakaisha na ya kijani yakaanza. Alipima pale, akapima katikati, akapima kwenye pembe ya mwisho, namba zikawa zile zile za hati, na kila mara mama alihama naye ukutani bila kuambiwa.

Kwenye pembe ya mwisho Ghaliya alichutama. Kilikuwapo kigingi kidogo cha mti ardhini, na kwenye kigingi kipande cha uzi wa kufumia, mweupe, umefungwa kwa fundo la uangalifu. Pembe ya pili nayo ilikuwa na kigingi chake. Kijana aliutandika uzi kwanza, ndipo akafungua magunia.

"Hakuzuiwa," alisema Ghaliya. "Alimaliza. Alimwaga chumvi kwenye ua wenu tu, mpaka kwenye msingi, basi. Upande wa baraza hakuharibu jani moja."

Bi Shaikha alikuja akauinamia ule uzi. Ulikuwa wa kikapu chake cha kufumia, ndimo ilimokuwa kofia aliyokuwa akimfumia Saeed, ikabaki nusu.

"Nilimtafuta mwizi wa uzi wangu," alisema. "Nikamlaumu paka."

Ghaliya alipiga picha kigingi, uzi, na futikamba ikisoma namba yake, akazituma kwa Kanali Muslim bila neno lolote. Jibu lilikuja kabla hajamaliza kuukunja utepe: jalada lisipelekwe, kijana aandikiwe kuachiwa leo hii. Akamsomea mama ujumbe huo kama ulivyo.

Bi Shaikha hakumshukuru. Alipita katikati ya majani yaliyokufa, akaenda hadi penye shimo la mbilimbi, akasimama hapo na kuulizia saa ngapi kituo cha polisi kinafungwa, akaambiwa hakifungwi. Akaingia ndani kutafuta baibui lake, na mlango wa mbele akauacha wazi. Kahawa hakuleta.